Kwa Nini Mzee Ovide Aliacha Barafu

Benchi letu liko Guildford, hapa Sydney, mbele ya duka la dobi lililofungwa, karibu na stesheni ya treni, na chupa ya kahawa ni yangu, kwa hiyo nina haki ya kusimulia. Jumamosi mchana tunakutana watatu au wanne, kutegemea nani yuko shifti. Kuna Kipa, yaani Balagizi wa Bukavu, aliyewahi kuidakia timu kubwa kwao na sasa anaendesha foklifti Wetherill Park. Kuna Wakili, yaani Gitau, Mkenya ambaye hajasomea sheria hata siku moja lakini hajawahi kukubali kushindwa kesi pale benchini. Kuna Dokta, yaani Salvator, Mrundi anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Jina amelipata kwa sababu ya yunifomu tu. Mimi ni Elkana, mtu wa Kigoma. Tunabishana juu ya kila kitu, ila tuna sheria moja: mtu haulizwi kwa nini aliondoka alikotoka wala kwa nini aliacha alichokuwa akifanya. Kipa na Dokta waliulizwa hayo kwenye kambi ya wakimbizi na watu wenye mafaili mpaka wakachoka, na ukikosea tarehe unaitwa mwongo. Hapa muulize mtu uzito wake, muulize ugomvi wake na mkewe. Hayo mengine tumeyafunga.

Jumamosi hiyo Dokta alikuja na uso wa mfiwa, na kweli alikuwa amefiwa. Mzee Ovide Larrivée, Mkanada aliyemhudumia kwa miaka, alikuwa amefariki katikati ya wiki. Sote tulimjua, maana kwaya ya kanisani kwa Kipa huenda kuwaimbia wazee wa pale, na sisi hujipenyeza nyuma kwa ajili ya keki. Na hakuwa mzee wa hivi hivi. Alikuwa bingwa wa hoki ya barafu, mchezo ule wa watu wenye viatu vya chuma wanaokimbizana na kidude cheusi kwa fimbo. Alijifunzia kwenye mto ulioganda nyuma ya nyumba yao, akang'olewa meno ya mbele angali kijana, akafunga goli la ubingwa huku taya limevunjika, na mji wao una mtaa wenye jina lake. Halafu asubuhi ya fainali nyingine, hakuna anayemfikia, aliacha viatu vyake kwenye chumba cha kuvalia akaondoka. Akaonekana Sydney, anaendesha lori la samaki. Hakukanyaga barafu tena.

Dokta: Jumatatu tunamzika. Nitasimama mimi kueleza maisha yake.

Wakili: Wewe? Si kuna wale wazungu wa chama cha hoki?

Dokta: Wao watasoma magoli. Mtu mwenyewe nani atamsema? Hana mtoto, hana ndugu. Kwetu anayefukiwa bila kusemwa ni yule aliyefukiwa na adui zake. Nikamwambia meneja, huyu hawezi kwenda hivyo, nitasema mimi.

Mimi: Sasa shida iko wapi? Unamjua.

Dokta: Enfin, namjua chai yake, namjua dawa zake. Lakini watu wote watakaokuja wanataka kusikia kitu kimoja. Kwa nini aliacha? Nisipokisema hicho, nimesema nini?

Nikamjazia kikombe.

Wakili: Hiyo ni rahisi. Ni goti. Yule buda alikuwa anachechemea, si mliona?

Dokta: Alivunjika nyonga, Wakili. Hapa hapa Sydney, bafuni, mwaka jana.

Wakili: Hiyo ni nyonga. Mimi nimesema goti.

Kipa: Goti gani? Ule muzee bamuloga. Kwisha.

Wakili: Ameanza.

Kipa: Mi niko najua ile mambo! Nimesimama mu goli miaka mingi. Siku ya fainali batu banazika dawa chini ya goli, mupira inakuja unaona mbili.

Wakili: Kipa, hiyo ni barafu! Chini ni simiti. Watachimba na nini, kijiko?

Kipa: Hawachimbe. Banatia dawa mu maji, kabla maji igande.

Hapo Wakili alinyoosha kikombe aongezewe kahawa. Nikaona ni zamu yangu.

Mimi: Aliokoka. Nyie hamjaona video zake? Wale watu wanavua glavu, wanatwangana makonde, na refa anawatazama tu mpaka mmoja aanguke. Mtu akiokoka, hawezi kuendelea na kazi ya namna hiyo.

Dokta: Elkana, mzee alikuwa anatukana hata wakati wa sala.

Mimi: Imani ilipoa baadaye.

Wakili: Basi sikizeni, nitawaambia ukweli. Walikuwa wawili. Mapacha. Kuna picha ukutani ana meno, na kuna picha hana meno. Pacha mmoja ndiye alikuwa staa, akakufa, huyu wetu ni yule wa kutumwa sokoni, hajawahi kucheza.

Dokta: Hayo ni meno ya bandia. Nilikuwa nayasugua mimi kila usiku.

Wakili: Ya pacha yupi?

Hata Dokta alicheka, kisha akajiinamia tena. Mimi nilianza kumwonea huruma kweli. Tulikuwa tunamwongezea takataka mtu aliyekuja kutafuta kitu cha kusema makaburini.

Wakati huo alikuwa amesimama pale dada mmoja na mfuko wa sokoni. Alituambia anaitwa Nsimire, katoka Uvira, ana mwezi mmoja tu hapa mjini, na anangoja duka la unga wa muhogo lifunguliwe. Tukamsogezea nafasi, nikampa kahawa. Wakili akamweleza kesi yote tangu mto ulioganda, pamoja na pacha.

Nsimire: Poleni ba papa. Sasa yeye mwenyewe alisemaka nini?

Wakili: Kuhusu?

Nsimire: Kuacha. Mulimuulizaka, alijibu nini?

Wakili akamgeukia Kipa. Kipa akamtazama Dokta. Mimi nilitazama chupa, kama vile ina jibu. Kwaya imeimba kule Krismasi ngapi, keki tumekula, Dokta ameongea naye Kifaransa kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.

Dokta: Hatukumuuliza.

Nsimire: Alikuwa mukali?

Dokta: Hapana. Sisi hatuulizi. Mtu ameacha kwao, ameacha kazi yake, unamwachia siri yake. Ndiyo heshima.

Alipoendelea alikuwa anasema na kikombe.

Dokta: Kila jioni nikimvua soksi, alikuwa ananiambia, Salvator, wewe huniulizi kitu kamwe. Kila jioni. Mimi nikadhani ananisifu.

Treni ya Parramatta ilipita. Niliumia moyoni, siwezi kuficha, maana hata mimi mzee aliwahi kunishika mkono baada ya nyimbo akasema nikae, nami nikamwambia nakimbilia basi.

Nsimire: Samahani, papa.

Dokta: Usiombe samahani. Jumatatu nitawaambia hivyo hivyo. Kwamba sijui kwa nini aliacha, kwa sababu nilimheshimu vibaya. Na kwamba alitaka kuulizwa.

Wakili: Ni sawa, Dokta. Hiyo hata mimi sina pingamizi.

Dokta alimalizia kahawa yake, akaweka kikombe chini, akamgeukia Kipa. Hakumwita kwa jina la kijiweni.

Dokta: Balagizi.

Kipa: Eh?

Dokta: Wewe kwa nini uliacha kudaka?

Wakili alianza kusema kuna sheria hapa, akaishia kwenye neno sheria. Kipa alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena kwa nyuma. Nikainua chupa nimmiminie, ikatoa matone mawili tu.

Kipa: Elkana, enda ulete kahawa ingine. Ile mambo iko murefu.