Mama Kadogo na Watumiaji Wasiohesabiwa

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, mimi ni dada yake, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na kwa kuwa alizoea kunicheka kila niliposoma mbele za watu, leo nitasoma taratibu, maana hayupo wa kunikatiza.

Mdogo wangu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Kadogo, alizaliwa tarehe 14 Mei 1974, akiwa kitinda mimba wa fundi redio na muuguzi, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya baba. Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akaendelea na sekondari ya wasichana, ambako aliadhibiwa mara nyingi kwa ubishi lakini hata mara moja kwa uvivu, na mwaka 1997 akahitimu chuo kikuu katika fani ya kompyuta, wakati sisi nyumbani bado tukidhani amesomea kupiga chapa.

Mwaka 1998 aliajiriwa na kampuni ndogo, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, watu sita na feni moja, na humo wakatengeneza kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, wakakiita Kadogo, kwa kuwa kilikuwa chepesi na kilikubali hata kwenye simu kuukuu ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Kiliposhamiri, kati ya kila watumiaji mia, saba walikuwa wake, na jina la Mama Kadogo likampata kabla hajawa mama wa mtu.

Tarehe 20 Desemba 2003 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu, mhandisi wa kampuni kubwa iliyokuwa ikishindana na yao, baada ya kukutana mkutanoni na kugombana ukumbini kuhusu kivinjari cha nani kina kasi. Walijaliwa binti na mvulana, ambao utotoni walitumia kivinjari chochote kilichowahi kufungua katuni, jambo lililowauma wazazi wote wawili.

Kisha simu mpya zikaanza kuuzwa zikiwa tayari na kivinjari cha ile kampuni kubwa ya shemeji ndani, watu wakaona hakuna haja ya kutafuta kingine, na Kadogo kikaanza kupungukiwa watumiaji. Kibaya zaidi, kila kivinjari kikifika kwenye tovuti hujitaja jina, na tovuti nyingi zilikuwa zikisikia jina la Kadogo zinakifungia mlango, ingawa kurasa zenyewe kingezifungua bila shida. Marehemu aliwapigia simu wenye tovuti mwaka mzima, wakimwahidi na kumsahau, mpaka siku jirani yake, fundi cherehani, alipomletea simu yake ya zamani iliyokataliwa kwenye tovuti ya pensheni, na simu nyingine hakuwa nayo.

Hapo akaamua Kadogo kijitaje kwa jina la kile kivinjari kikubwa. Wenzake walimkatalia katakata, wakamkumbusha kwamba wanaohesabu watumiaji nao huangalia jina hilo hilo, hivyo kila mtumiaji wao angeandikwa kwa mshindani, na wenye kampuni wakiona namba zimeporomoka watafunga ofisi. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akasema, "Waache waingie kwanza. Kuhesabiwa tutahesabiwa siku nyingine."

Fundi cherehani aliingia, na maelfu wengine wakaingia, na namba zikaporomoka kama walivyosema. Machi 2015 ofisi ikafungwa, lakini yeye na wenzake wawili waliendelea kukitengeneza Kadogo kwenye meza yake ya chakula bila mshahara, na mimi nilimwita mjinga, naye akanimiminia chai.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa ujasiri uliotuaibisha sisi wazima, mpaka alipofariki dunia Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, mumewe na watoto wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na wafanyakazi wa kampuni zote mbili. Kwenu mliotoka kampuni kubwa, shemeji ameniomba niwaambie kwamba siku mlipokata keki kwa kufikia nusu ya watumiaji wote, kipande chake alikifunga kwenye karatasi akakipeleka nyumbani, akamwambia mkewe, "Hiki ni chako, watu wako wamo kwenye hiyo nusu yetu." Marehemu alikila chote, kisha akamkataza kabisa kulisema jambo hilo kazini, asije yeye akaonekana anadai sifa, na mumewe akamtii miaka yote hiyo. Leo amekataa kumtii, anataka mjue.

Mdogo wangu, kazi umeifanya, sasa pumzika kwa amani.