Siku Mama Mkwe Alipoangalia Ukuta

Ndugu zangu, mnisikilize haraka, miguu yangu haipendi kusimama mahali pamoja. Wanaofanya kazi na mimi kiwandani wananijua: hata chai nainywa nikitembea. Sasa mtu kama huyo, Mungu alimwambia akae.

Binti yetu alizaliwa kabla ya wakati, mdogo mpaka unaogopa mikono yako mwenyewe. Mama yake alikuwa amepoteza damu, hata kichwa hawezi kuinua. Lile sanduku la joto la wodi lilikuwa limeharibika. Sista akaniangalia. "Baba, toa shati." Akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akatufunga na blanketi. "Joto lake ni wewe. Usiondoke."

Nawaambia, kukaa ni kazi! Vidole vyangu vilichuna nyuzi za blanketi kama vinachuma majani chai.

Kisha mama mkwe akafika kutoka nyumbani kunipokea zamu. Nyinyi wa kwetu mnajua: mkwe hata mkono hatusalimiani, sembuse kifua wazi! Kila akibisha mlango, mimi namlaza mtoto kitandani, navaa shati mbio, natoka kwa kuruka dirisha. Yeye anangoja nipotee kabisa ndio aingie, afungue nguo yake. Mtoto yuko hapo peke yake, baridi ya Kericho inamla.

Siku moja Sista aliingia katikati ya heshima yetu, akakuta midomo ya mtoto imekuwa bluu, pumzi inakatika. Alimsugua mgongo mpaka akalia. Akatugeukia: "Mtaheshimiana mpaka mumzike?"

Niliogopa, ndugu zangu. Nilimrudisha kifuani, shati liko chini, mama mkwe yuko mlangoni. Nikaangalia dirisha. Ndipo nikasikia: "Sista, mwambie mkwe asivae shati. Mimi naona ukuta tu."

Akaja na uso ukutani, akaketi kwenye benchi langu, tukapeana mgongo. Sista akamtoa mtoto kifua hiki, akamweka kile, bado moto. Tulikaa hivyo, zamu kwa zamu, mpaka mama yake akapata nguvu za kumbeba.

Namshukuru Mungu, namshukuru Sista. Heshima ni nzuri, lakini isimwache mtoto kwa baridi. Yule msichana anayekimbia katikati ya viti ndiye huyo; kutotulia ametoa kwangu. Na mama mkwe amekuja kututembelea. Mkitaka kumsalimia, ni yule wa nyuma kabisa, ameangalia ukuta.