Nilivyoachwa na Basi Kwenye Kambi ya Kikapu

Jina la Yesu litukuzwe, watu wa nyumbani! Ndaga fijo kwa kunipa nafasi hii. Wengi mnanijua, mimi ni mama Atupele, yule anayeonekana Krismasi na kupotea kabla mpunga haujapandwa.

Ndugu zangu, nilikuwa na roho ya kutangatanga. Nimeuza vitenge Karonga, nimepika wali barabarani Tunduma, nimekaa Songea bila sababu ninayoikumbuka. Nikiwa huko, nililia kwa kukumbuka harufu ya mchele wetu na mvua inavyopiga migomba. Nikifika hapa, wiki haiishi, miguu inawaka moto. Mama yangu alikuwa akinicheka: "Wewe na mawingu ya ziwani ni mapacha. Hamjui kukaa." Yeye ndiye aliyemlea Atupele wangu.

Mwaka huu Atupele yuko kidato cha kwanza. Amenipita urefu, na anapenda mpira wa kikapu kama wenzake wanavyopenda simu. Likizo ya Juni ikaja kambi pale Ipyana: watoto wa kidato cha kwanza na cha pili wacheze siku mbili mbele ya makocha wa shule za bweni za mbali, wapate kuonekana. Kwa mtoto wa mkulima, nafasi kama hiyo hairudi kirahisi. Nilikwenda siku ya pili, lakini nilikwenda na begi la safari, maana basi la Mbeya lilikuwa linapita saa saba. Nikakaa kwenye benchi karibu na barabara, begi mapajani.

Ee Bwana! Mtoto alicheza vibaya. Pasi zilimpita, mpira ulimgonga kifuani. Kocha wake akanijia.

"Mama, unasafiri?"

"Ndiyo, mwalimu. Basi likifika."

"Afadhali ungeondoka asubuhi. Huyu haangalii mpira, anaangalia begi lako."

Maneno yale yalinichoma. Niliinamisha kichwa juu ya lile begi nikaomba: Kyala, Mungu wangu, nifungue. Mimi mwenyewe nimeshindwa.

Ndugu zangu, jibu lilikuja kwa mvua! Watoto walikuwa wakichezea goli moja tu, maana upande wa pili wa uwanja wa saruji akina mama walikuwa wameanika mpunga, kama kila msimu. Wingu likashuka kutoka milimani. "Mpunga! Mpunga!" Watoto wakaacha mpira, makocha wakavua viatu, wote tukazoa. Viroba vikaisha. Mama mmoja wa kwaya yetu akanipigia kelele:

"Mama Atupele, leta hilo begi!"

"Lina nguo zangu!"

"Nguo zikilowa zitakauka. Mpunga wangu ukilowa utaota! Mwaga!"

Nikamwaga. Magauni, vitenge, kandambili, vyote benchini. Nikajaza mpunga kwa mikono yangu. Basi likapiga honi, likasubiri kidogo, likaondoka. Sikugeuza hata shingo! Ule moto wa miguuni ulizimika palepale, na sijausikia tena.

Mvua ilipopita, watoto walifagia maji, mpira ukaanza kudunda. Atupele akaniona nimelowa chapachapa, nacheka.

"Mama, umebaki?"

"Nimebaki. Cheza!"

Alicheza, jamani! Alinyang'anya mpira, alikimbia, alifunga, akakosa, akarudi tena. Mama yangu, aliyekuja na mwavuli wakati mambo yameshakwisha, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Jioni kocha mmoja alituomba Atupele ahamie shuleni kwake Januari. Nilitaka kuruka kwa furaha. Lakini mwanangu alinishika mkono, akauliza kwa sauti ndogo: "Nikirudi likizo, nitakukuta?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo. Nilimjibu: "Utanikuta." Na leo namjibu tena mbele yenu, ili muwe mashahidi wangu. Nimeshaanza kulima kipande cha mama kule Ikolo. Mnaopita mnaniona.

Asante Yesu! Wewe ambaye moyo wako hautulii, mwamini yeye. Hakuulizi umezunguka wapi, anakupokea hapo ulipo. Na Januari tutakapomsindikiza Atupele kituoni, njooni. Mtaniona nikimpungia mkono, halafu mtaniona narudi nyumbani.