Miaka Thelathini na Moja ya Kupatia Mara ya Kwanza

Mzee Joash Okinyi, mpiga besi wa studio yetu ya Hurlingham, anastaafu leo Ijumaa, Novemba 28, 2025, baada ya miaka thelathini na moja ya kurekodi nyimbo za watu wengine. Pensheni hana. Barua ya kazi hakuwahi kupewa, kwa hivyo hata ya kustaafu tumemchapishia sisi wenyewe pale Adams Arcade, kwa shilingi hamsini.

Alipanda ngazi za studio mwaka 1994 na gitaa la kuazima. Tangu hapo amepiga nyimbo za injili, za harusi, matangazo ya unga, na kampeni za wagombea wawili wa kiti kimoja, siku moja, asubuhi na alasiri. Kama umewahi kucheza harusini Nairobi, Joash amewahi kukuchezesha. Jina lake hulioni popote.

Sasa nije kwenye malalamiko yangu. Sisi wanamuziki wa studio hulipwa kwa saa. Wapiga besi wengine humaliza wimbo kwa masaa matatu, na kila mtu anaenda nyumbani na kitu. Joash husikiliza wimbo mara moja, akaupiga mara moja, akapatia. Saa moja, kwisha. Mimi, mpiga ngoma, nimeweka daftari tangu 2003: nyimbo 410, masaa mawili yaliyopotea kwa kila wimbo, jumla masaa 820. Kwa wastani wa shilingi mia nne, ubora wa huyu mzee umenigharimu 328,000. Hiyo ni pesa ya kuanzia ploti.

Tulimsihi. Mwaka 2011, bintiye Ivyne aliporudishwa nyumbani kwa karo, hatimaye alikubali kukosea. Alijiandaa wiki nzima. Kwenye kiitikio akateleza hadi noti ambayo haikuwa na shughuli pale. Mwimbaji akafumba macho, akaomba iachwe vivyo hivyo. Wimbo ukavuma nchi nzima na mwimbaji akanunua gari. Sisi tulilipwa saa moja na soda. Baadaye Joash alitumiwa mirabaha yake kwa simu: shilingi sitini na tatu. Akatoa fungu la kumi kwanza. Hakujaribu tena kukosea.

Hadi Septemba hii. Mwimbaji wetu wa kiitikio, Selpher, ambaye ameniruhusu kuandika haya, alikuja kazini akitokea Dagoretti Corner na begi la nguo. Mwenye nyumba alikuwa ameweka kufuli lake juu ya la Selpher kwa sababu ya kodi ya mwezi, 6,000. Kwa bei ya sasa, 1,200 kwa saa, alihitaji masaa matano. Kazi ya siku hiyo ilikuwa wimbo mmoja, na mpiga besi alikuwa Joash. Mtu akifanya hesabu hiyo hulia, na Selpher alilia.

Joash alisikiliza wimbo, akaanza, akakosea. Akarudia, akakosea pengine. Safari hii alikuwa amejifunza: yalikuwa makosa mabaya kabisa, yasiyoweza kupendwa na mwimbaji yeyote. Mara kumi na moja. Mwenye studio, Bwana Ndegwa, alitoka nyuma ya kioo, akamshika bega na kumwambia mbele yetu sote kwamba umri ni umri, vidole navyo huchoka. Mzee ambaye hajawahi kurudia wimbo aliinamisha kichwa na kukubali. Saa ya tano ilipotimia, aliupiga wimbo wote mara moja, safi.

Nilimfuata kwenye ngazi kuuliza kama anaumwa. Akafunga mfuko wa gitaa taratibu.

"Masila, nimekula masaa yenu miaka mingi. Leo nimerudisha manne."

Jioni hiyo kufuli la mwenye nyumba lilitoka. Lakini tangu siku hiyo Bwana Ndegwa amewaambia watu wote wa Hurlingham kwamba Joash anastaafu kwa sababu vidole vimekwisha. Si kweli. Anastaafu kwa sababu ametimiza miaka sitini, na mkewe, Mama Peres, amechoka kukamua ng'ombe watatu peke yake huko Yala. Vidole vizima. Bwana Ndegwa, najua uko meza ya mbele kwenye hafla hii ya kumuaga na unasoma haya; pesa za masaa yale matano zilishaingia kwenye simu na risiti ulitia sahihi mwenyewe.

Asante, Mzee Joash, kwa besi, na kwa jina lako ulilolivua siku moja ili mwenzetu alale ndani. Mungu akuongezee siku, na ng'ombe wakuongezee maziwa. Daftari langu linasema bado tunakudai masaa 816. Tumekuachia. Nenda ukayatumie nyumbani, na kwa mara moja, mzee wetu, usiyamalize haraka.