Daktari Kezia na Kibuyu cha Ogwedhi

Miaka thelathini na moja! Kuna ndoa hazijafika hapo. Ijumaa hii, tarehe thelathini Oktoba, Daktari Kezia Aduda anavua koti nyeupe na kurudi kwao Kosele. Hapa Migori, kituo chetu cha utafiti wa dawa kitabaki na harufu ya spiriti, lakini kile kicheko chake kitakuwa kimehamia Homa Bay.

Kazi yake ilikuwa moja: kujua ini inafanya nini na dawa ukishameza. Wageni wakija na maneno yao ndefu, sisi alituelezea hivi: ini ni kama mpaka pale Isebania, na kila dawa ni lori. Inasimama, inakaguliwa, inafunguliwa, inapita. Kuna watu ini yao inapitisha haraka, wengine pole pole, na hakuna ubaya, bora daktari ajue asikupatie mzigo ya kukushinda. Hayo mambo ameandika mpaka yakasomwa ng'ambo. Sisi wa kubeba damu ya kupimwa kwa barafu kutoka kisiwa cha Takawiri pia tunajivunia. Damu haijitembezi.

Ni mtu wa maini, lakini maini hali! Kwa hoteli ya Mwanamvita hapo nje ya geti, miaka yote ni maharagwe. Ukimuuliza, anasema mtu hali mfanyakazi mwenzake.

Lakini ya kukumbukwa ni ile ya Machuki, broka wa ng'ombe soko ya Ogwedhi. Alikuwa kwa utafiti wetu wa dawa za TB, macho yakageuka manjano kama kiini cha yai. Daktari akasimamisha dawa siku hiyo hiyo. Sasa ikawa shida: bila dawa, TB inammaliza, na akimeza dawa, ini inakwisha. Kidogo kidogo wagonjwa wengine wa hapo sokoni nao wakaanza kugeuka macho manjano. Kwa mkutano wengi wetu tukasema hizo tembe hazipatani na watu wa Ogwedhi, tuandike hivyo tufunge utafiti. Daktari akakataa. Akasema kuna lori moja kwa huo mpaka hatujaiona.

Machuki tulikuwa tumemuuliza kama anatumia miti shamba. Aliapa hapana. Na hakuwa anadanganya.

Siku ya soko Daktari akavaa gambuti, akaenda kukaa na mabroka. Kabla ng'ombe ya kwanza iuzwe, mkubwa wao, Maroa, akatoa kibuyu cha maji ya maganda ya mti, chungu mpaka masikio inasimama. Kikazunguka. Kila mtu anakunywa. Ukikataa, wanasema uko na njama, na hakuna mtu atauziana na wewe. Kwa Machuki hiyo ilikuwa salamu tu, kama kushikana mkono. Asubuhi tembe, sokoni kibuyu.

Kikamfikia Daktari. Akakishika na mikono mbili, akanusa, akasema, "Maroa, hii salamu yako inaniulia mtu."

"Mama, ulikuja kununua ng'ombe ama kuchunguza midomo zetu?"

Walicheka mpaka ng'ombe zikageuka kuangalia. Daktari akacheka nao, lakini hakutoka hapo. Soko ikifungwa, walikuwa wamekubaliana: mwenye anameza tembe za TB anapewa uji kwa kibuyu yake, na asiulizwe kitu.

Maabara ikapima maganda aliyorudi nayo na kukuta ni yenyewe inachosha ini ikikutana na tembe. Machuki akapumzishwa mpaka ini ikatulia, tembe zikarudishwa moja moja, damu ikipimwa kila mara. Daktari alijikaza, lakini hizo wiki hata maharagwe alikuwa anaacha kwa sahani. Macho ya Machuki yakarudi meupe, yakabaki hivyo. Akapona. Tangu hapo kituo hakiulizi mgonjwa dawa peke yake. Kinauliza: unakunywa nini, na nani?

Sasa Machuki ametuma ujumbe. Ijumaa analeta beberu ya sherehe, na maini ni ya Daktari. Amesema hakuna kukataa, kwa sababu mwenye anakataa ako na njama.

Daktari Kezia, ero kamano. Asante kwa kutufundisha kukaa na watu kabla ya kuandika juu yao. Enda salama, nyar Kosele, binti ya kwao, Mungu akupatie siku ndefu na mahindi mingi. Na hayo maini, wewe kula tu. Mfanyakazi mwenzako amestaafu pia.

Ombati, wa barafu