Sista 'Malimpho na Chumba cha Mlango Mmoja

Tarehe 30 Juni, Sista 'Malimpho Ramokoatsi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi, yote katika zahanati yetu ya kijiji cha Ha Lephatsoana, huku milimani. Wakubwa walijaribu zaidi ya mara moja kumhamishia mjini, kwenye lami na umeme wa uhakika. Kila mara alikubali kwa adabu, akafungasha mizigo polepole mno, mpaka wakamsahau.

Wageni husema ni mkali. Ni mkali kweli. Aliwahi kumrudisha chifu nyumbani kwa sababu alikohoa bila kuziba mdomo, na chifu akaja kesho yake na kitambaa kipya kilichopigwa pasi.

Alipokabidhiwa kitengo cha kifua kikuu, wagonjwa wengi walikuwa wanaume waliorudi kutoka migodi ya dhahabu ng'ambo ya mpaka. Kifua kikuu hawakukionea aibu. Ni ugonjwa wa kazi, mtu aliutaja hata kilabuni. Lakini wengi walikuwa pia na virusi vya UKIMWI, na vipimo na dawa zake vilikuwa katika nyumba nyingine, chini ya mteremko. Sista aliwaelekeza huko, wakaitikia vizuri, wasiende. Walimeza dawa za kifua kwa uaminifu na bado tukawazika.

Sista akaamua kwamba tatizo ni farasi. Wagonjwa wetu huja wamepanda, na ile nyumba ya chini haikuwa na mahali pa kuwafungia. Akawahimiza wanakijiji wakajenga banda zuri, lenye kivuli na maji ya kunywa. Msimu mzima banda lile lilimfaidi punda wa jirani peke yake, akanenepa. Tulimtania Sista mpaka akatununia.

Aliyemfumbua macho ni Khoeli Lebusa, mchimbaji aliyerudi amebaki mifupa, mkewe akiwa mjamzito. Sista alimgombeza mbele yetu kwa kutoshuka mteremko.

"Sista, farasi wangu ana paji jeupe, bonde zima linamjua," Khoeli akamjibu. "Nikimfunga pale chini, kabla sijatoka ndani mama mkwe ameshaambiwa kule ng'ambo ya mto. Bora nife na kifua changu, nizikwe kwa heshima."

"Na mkeo je?"

Sista akashuka mwenyewe, akarudi na vipimo amevifunika kwa blanketi lake, akampima palepale, katika chumba cha kifua kikuu. Baadaye akampima na mkewe. Wote wawili walikuwa na virusi.

Alipotaka dawa nazo zihamie chumbani mle, daktari wa wilaya alikuja juu. Aliuliza vipi wenye kinga dhaifu wakae pamoja na wanaokohoa. Hofu yake ilikuwa ya haki, na Sista hakuipuuza. Waliokohoa walisubiri nje, juani, na madirisha yakakaa wazi mwaka mzima, hata theluji ikianguka. Tulifanya kazi tumejifunika mablanketi hadi puani, tukimlaani kimoyomoyo. Lakini dawa zote zikatolewa kwa mlango mmoja, mpita njia asijue nani amefuata zipi.

Khoeli alianza za kifua, kisha akaongezewa za virusi. Haukupita muda akazidiwa. Homa ikapanda, tezi za shingo zikavimba. Mama mkwe akavuka mto, akasimama mlangoni.

"Mmemrundikia dawa ili afe haraka?" akauliza. "Na binti yangu mmempa hizohizo?"

Bonde zima likasubiri. Khoeli angekufa, hakuna ambaye angekanyaga tena chumba kile, na mkewe angetupa dawa zake mtoni. Sista alijua kwamba mwili ukipata nguvu huanza kupigana na ugonjwa uliokuwa umeushinda, na kwamba mara nyingi hali hiyo hupita. Alimweleza mama yule taratibu, hakukatiza dawa, kisha akaenda nyuma ya jengo akalia. Tulimwona. Nasi tuliogopa vilevile.

Asubuhi moja Khoeli aliomba uji wa mtama, akalalamika kwamba umepoa. Sista aliketi sakafuni, akicheka.

"Mpashieni moto," akasema. "Mtu anayedeka hivi haendi popote."

Tangu hapo wengine wakaja, kwanza wanaume, kisha na wake zao. Leo zahanati zote za wilaya yetu zinafanya hivyo. Daktari yule huleta wageni na kuwaeleza kana kwamba wazo lilikuwa lake. Sista humwacha.

Mke wa Khoeli alijifungua msichana asiye na virusi. Kwetu bibi harusi hupewa jina la mama siku anayoolewa, kabla mtoto hajakuwapo. Sista naye alipoolewa aliitwa 'Malimpho, mama wa Limpho, na Limpho hakuzaliwa. Aliitikia jina hilo miaka yote. Khoeli alimleta mtoto chumbani, akamweka mikononi mwake.

"Huyu ni Limpho," akasema. "Asikwambie mtu tena kwamba huna."

Limpho sasa yuko sekondari, na siku ya kuaga ndiye atakayembebea Sista mizigo. Asante kwa wote uliotubakishia. Nenda salama ukapumzike, mama wa Limpho.