Rosalia Kamanthe na Miche Yake ya Pilipili

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Aloys Masila, ndugu mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa yeye mwenyewe angesema nasoma haraka mno.

Rosalia Kamanthe alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mitaboni, kifungua mimba wa marehemu Mzee Wathome na Mama Mutindi, akaanza shule ya msingi mwaka wa 1968 na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1978. Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Bwana Erastus Maundu, wakahamia hapa Matuu, Mungu akawajalia watoto wawili, Mumo na Mwendwa, ambao aliwalea kwa upendo mwingi na kwa mwiko pale ilipobidi.

Kuanzia mwaka wa 1995 hadi 2008 alikagua mishono katika kiwanda cha nguo kule eneo la viwanda la EPZ, Athi River, na jicho lile lile akarudi nalo shambani, akawa anaona doa la ukungu kwenye jani la pilipili likiwa dogo kama kichwa cha pini, analichuma jani na kulichoma moto, msimu unaofuata anapanda maharagwe mahali pale, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia kwenye pilipili majani yakiwa na maji, hata padri. Kitalu chake ndicho kilichotoa miche ya kikundi chetu chote cha wakulima wa pilipili.

Sasa nitasoma sehemu ambayo kamati ya mazishi haikuiandika. Tarehe 12 Novemba 2019 Rosalia alikuwa kliniki, mvua ilikuwa imenyesha, lori la mnunuzi lilikuwa njiani, na mimi, mwenyekiti wa kikundi, niliyetia sahihi kanuni hiyo ya kusubiri majani yakauke, nikachuma pilipili katika shamba lake la chini lililokuwa na madoa, kisha nikaingia la juu lililokuwa safi, suruali ikiwa imelowa mpaka magotini. Baada ya wiki mbili majani ya shamba la juu yalijaa madoa yakapukutika, Rosalia akang'oa kila kitu akachoma. Kikundi kikasema mbegu zake zina ugonjwa, kikakataa miche yake, na mkutano huo niliuongoza mimi, nikanyamaza. Kwa miaka mitano hakuna aliyemwomba hata mche mmoja.

Aliugua figo kuanzia Januari 2024, na siku zake za mwisho, nikiwa kando ya kitanda chake hospitalini Machakos, aliniambia: “Masila, mimi nilijua kitambo. Madoa ilianzia kwa ile mistari ulipita. Lakini wewe ndio chairman, ningekuanika aje?” Nililia kama mtoto, naye akanipa leso yake. Alituacha tarehe 9 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala hapa nasi, na wenzake wa kiwandani waliosafiri kutoka mbali. Kwenu wanakikundi, mbegu za Rosalia zilikuwa safi, ugonjwa niliuleta mimi kwa miguu yangu, na uenyekiti nauacha hapa hapa. Kitaluni kuna miche aliyoiotesha mwenyewe mwezi wa Desemba, na Mwendwa atampa yeyote atakayeomba.

Dada, nimesema mbele ya watu. Pumzika kwa amani.